Mabinti wa Zaire waliofika Atlanta mbele ya vita

Tarehe 25 mwezi wa saba 1996, katika mji wa Atlanta, inchi ya Marekani, ekipe ya taifa ya wanawake wa Zaire ilicheza basket na wenyeji. Mchezo ulipokwisha, Marekani ilikuwa na pointi 107, Zaire 47. Miezi mitatu kasoro siku moja baadaye, tarehe 24 mwezi wa kumi, mji wa Uvira ulianguka mikononi mwa waasi. Tangu hapo watu wa Mashariki walikuwa na habari nyingine za kuuliza: barabara gani iko wazi, nani amevuka mto, nani hajaonekana. Habari za mabinti wa basket hazikuulizwa tena.

Wazee wa Nyangwe na Kasongo wakiulizwa juu ya Zaire na michezo, watataja mwaka wa 1974. Watasema habari za Muhammad Ali na George Foreman, ngumi za Kinshasa, usiku wa tarehe 30 mwezi wa kumi. Watasema pia habari za Léopards waliokwenda kombe la dunia la mpira kule Ujerumani Magharibi, wakafungwa 2 na Scotland, 9 na Yugoslavia, 3 na Brazil. Hata kijana ambaye baba yake hakuwa amezaliwa anajua kisa cha Mwepu Ilunga, beki wa Mazembe, aliyetoka mbio kwenye ukuta na kupiga mpira ambao ulikuwa ni wa Wabrazil kupiga. Kushindwa kule kwa wanaume kunakumbukwa kwa jina, kwa dakika, na kwa kicheko. Kushindwa kwa wanawake, miaka 22 baadaye, hakukumbukwi hata kwa kicheko. Na mbele ya kushindwa walikuwa wameshinda sana, jambo ambalo linajulikana kidogo zaidi.

Inafaa kuanza na paa, maana michezo hii ni ya chini ya paa. Basket ilizaliwa kwa sababu ya baridi. Mwaka wa 1891, katika mji wa Springfield, kaskazini ya Marekani, mwalimu James Naismith alitafuta mchezo wa kuwashughulisha vijana ndani ya jumba wakati wa theluji. Akapigilia misumari vikapu viwili vya matunda juu ya ukuta, akawapa mpira. Mwaka uliofuata, mwalimu mwanamke, Senda Berenson, akaufundisha kwa wasichana wa shule ya Smith, lakini akagawa kiwanja katika sehemu tatu na kumkataza kila msichana kutoka sehemu yake, kwa sababu ilifikiriwa wakati ule kwamba mwanamke akikimbia sana ataumia. (Aliyefikiri hivyo hakuwahi kumwona mama wa Maniema akitoka shambani na mafungu ya muhogo mgongoni na mtoto juu yake.)

Michezo mingine ya paa ilizaliwa vilevile. Handball ya ndani ni ya baridi ya Ulaya. Na kuna hoki ya ndani, ambayo huku kwetu haijulikani: Wajerumani walianza kuicheza baada ya vita kuu ya pili, majani ya kiwanja yakiwa chini ya barafu. Ni watu 6 kila upande, pamoja na kipa, kila mmoja na fimbo iliyopinda. Kandokando ya kiwanja wanaweka mbao ili mpira urudi ndani, na mpira wenyewe unasukumwa tu, haupigwi kwa nguvu, isije ikavunja mtu meno. Wanawake wa Ulaya wamekuwa na kombe lao la hoki ya ndani tangu 1975. Afrika, ni inchi za kusini ndizo zinazojulikana zaidi katika mchezo huo: Afrika ya Kusini, na Namibia ambayo wanawake wake walifika kombe la dunia la Berlin mwaka wa 2018. Mwaka wa 2023 kombe hilo la dunia lilichezwa Pretoria, mara ya kwanza katika bara letu.

Kuna jambo moja katika hoki hiyo ya Ulaya ambalo linastahili kukumbukwa hapa, kwa sababu litarudi. Ekipe za taifa zimepangwa kwa ngazi. Walio hodari wanacheza ngazi ya kwanza. Walio dhaifu wana mashindano yao ya ngazi ya pili, na walio dhaifu zaidi ngazi ya tatu. Inchi ndogo ya ngazi ya tatu haikutani na Ujerumani. Inakutana na ndogo mwenzake, na mmoja wao lazima ashinde. Atakayeshinda anapanda. Televisheni haziji, viti ni vichache, lakini msichana wa inchi hiyo anaweza kurudi nyumbani na ushindi ambao ni wake kabisa.

Kwa wanawake wa Zaire hakukuwa na ngazi kama hiyo. Afrika ina kombe moja, anayelichukua anatupwa moja kwa moja mbele ya wakubwa wa dunia.

Na Zaire ililichukua mara tatu. Mara ya kwanza ilikuwa Luanda mwaka wa 1983. Mara ya pili Maputo mwaka wa 1986. Mara ya tatu Johannesburg mwaka wa 1994. Ukiitazama miji ile mitatu utaona kitu. Angola ya 1983 ilikuwa katika vita. Msumbiji ya 1986 ilikuwa katika vita. Afrika ya Kusini ya 1994 ilikuwa imetoka tu katika ubaguzi, na Mandela alikuwa rais tangu mwezi wa tano wa mwaka ule. Mabinti wa Zaire walizoea kuchukua kombe mahali ambapo watu wa inchi walikuwa na mambo mengine ya kufikiri.

Kwa muda mrefu mpinzani wao mkubwa alikuwa Senegal. Senegal ndiyo iliyotawala basket ya wanawake Afrika toka miaka ya 1970, na kila mara Zaire iliposhinda ilikuwa kama mtu anayemnyang'anya mwenye nyumba kiti chake. Halafu mwenye nyumba anakirudia: 1984 Senegal, 1990 Senegal, 1993 Senegal. Mwaka wa 1994 Zaire ikarudi tena, na safari hii kombe lilikuwa na mlango nyuma yake. Bingwa wa Afrika alikuwa na nafasi katika Michezo ya Olimpiki ya Atlanta.

Nafasi ile haikuwahi kuwepo kwa wanawake wa Afrika. Basket ya wanaume iliingia Olimpiki mwaka wa 1936. Ya wanawake ilingoja mpaka 1976, na tangu 1976 mpaka 1992 hakuna ekipe hata moja ya wanawake kutoka Afrika iliyocheza. Idadi ya ekipe ilikuwa 6, kisha 8. Kwa Atlanta waliongeza mpaka 12, na katika hizo 12 Afrika ilipata moja. Hiyo moja ilikuwa Zaire. Kwa hiyo, mwanamke wa kwanza wa Afrika kuweka mpira ndani ya kikapu katika Olimpiki alikuwa Mzaire. Jambo hilo haliwezi kuondolewa kwa kushindwa kokote.

Lakini ni Zaire ipi iliyowatuma? Hapo ndipo mambo yanakuwa magumu.

Wanaokumbuka miaka ile wanajua. Mwezi wa tisa 1991 askari wasiolipwa walipora Kinshasa, na uporaji ukaenea katika miji mingine. Mwezi wa kwanza 1993 wakarudia, kwa sababu walilipwa kwa noti mpya ya zaire milioni 5 ambayo wachuuzi waliikataa. Mwisho wa mwaka ule serikali ikatoa pesa mpya, zaire mpya 1 kwa zaire milioni 3 za zamani, na Kasai wakakataa kuzipokea kabisa. Walimu walikuwa wanalipwa na wazazi, au hawalipwi. Na katikati ya mwaka wa 1994, mwaka ule ule wa kombe la Johannesburg, watu zaidi ya milioni moja walivuka kutoka Rwanda na kuingia Goma na Bukavu, pamoja na askari walioshindwa na wauaji wa mauaji ya kimbari ndani yao. Serikali ambayo haikuweza kumlipa mwalimu wa Kibombo haikuwa na mpango wa kuvalisha wasichana 12 wa basket.

Aliyewavalisha alikuwa mtu mmoja: Dikembe Mutombo.

Mutombo alizaliwa Kinshasa mwaka wa 1966, akaenda Marekani kwa masomo akitaka kuwa daktari, na urefu wake ukamgeuzia njia. Katika basket ya kulipwa ya Marekani alikuwa ukuta. Akizuia mpira wa mtu, alikuwa anamtikisia kidole, kushoto na kuume, kama mama anayemkataza mtoto sufuria. Ikatokea kwamba mwezi ule wa saba 1996, mwezi wenyewe wa Olimpiki, alitia sahihi kwa ekipe ya mji wa Atlanta, Hawks. Mabinti wa inchi yake wakaja kucheza katika mji ambao sasa ulikuwa wake, na hawakuwa na mavazi wala pesa za kutosha. Alilipa jezi zao, alilipa gharama zao. Hiyo si hadithi ya mtaani. Imeandikwa katika habari za maisha yake pamoja na mambo mengine aliyofanya.

Upande wa pili kulikuwa na nini? Marekani ilikuwa imekusanya wanawake wake mwaka mzima mbele ya Olimpiki. Kila mchezaji alilipwa dola 50,000 kwa mwaka ule. Walizunguka dunia, walicheza mara 52, walishinda mara 52. Katika Olimpiki walishinda tena mara 8, na hesabu ikawa 60 bila kushindwa. Lisa Leslie, Sheryl Swoopes, Dawn Staley, Teresa Edwards: ni majina ambayo kwa basket ya wanawake ni kama Pelé na Maradona. Ekipe ile iliwafunga Waukraini 98 kwa 65, Wakorea 105 kwa 64, na katika fainali iliwapa Wabrazil 111 kwa 87. Kwa hiyo mtu akisoma 107 kwa 47 na kuona aibu, atazame kwanza ni nani mwingine aliyepigwa.

Michezo ilifunguliwa tarehe 19 mwezi wa saba. Bendera 197 zilipita katika kiwanja, na moja ilikuwa ile ya kijani, yenye duara la manjano na mkono ulioshika mwenge. Usiku ukiwa umeendelea, aliyetokea juu kuwasha moto wa Olimpiki alikuwa Muhammad Ali. Mikono ilikuwa inatetemeka kwa ugonjwa. Dunia nzima ililia, lakini kwa Wazaire kulikuwa na kitu cha ziada: huyu ndiye aliyepata tena ukanda wake kwao, huyu ndiye ambaye watoto wa Kinshasa walimfuata mbio barabarani. Mwaka wa 1974 Zaire ilikuwa na pesa ya kumleta. Mwaka wa 1996 bendera ile ile ilipita chini yake, na haikuwa na siku nyingi tena.

Zaire ilikuwa katika kundi la Marekani, Australia, Ukraine, Cuba na Korea ya Kusini. Katika sita zile, tatu zilimaliza ndani ya nne bora za dunia: Marekani dhahabu, Australia shaba, Ukraine ya nne. Zaire ilicheza mechi 5 za kundi na kushindwa zote. Australia iliwapa 91 kwa 45. Ukraine walijitahidi zaidi, 81 kwa 65, na mtu anayejua basket atasema kwamba pointi 16 mbele ya ekipe ya nne ya dunia si kitu cha kuficha. Kiisha wakapelekwa katika mechi za kutafuta nafasi ya 9 mpaka ya 12, pamoja na China, Korea na Kanada. Wakashindwa na China, wakashindwa na Kanada. Mechi 7, kushindwa 7, nafasi ya 12 katika 12.

Hapa ndipo ile habari ya ngazi za hoki inarudi. Kuna watu watakaosema kwamba ingekuwa vizuri zaidi kwa mabinti wa Zaire kuwa na mashindano ya ngazi ya pili, wacheze na wa kimo chao, washinde mbili tatu, warudi na furaha. Kuna ukweli ndani yake. Mtoto anayepigwa kila siku na wakubwa hajifunzi ngumi, anajifunza kukimbia. Lakini ngazi ya pili ina ubaya wake: anayeishi humo hamwoni Lisa Leslie. Wale wasichana 12 walimwona, walimgusa, walijaribu kumzuia, na mmoja wao, kama itakavyoonekana, alijifunza kitu.

Na kuna mfano mwingine wa Afrika unaoonyesha kwamba nafasi mara nyingine ni ya bahati. Mwaka wa 1980 Olimpiki zilikuwa Moscow, na Marekani pamoja na inchi nyingi zilikataa kwenda kwa sababu ya vita ya Afghanistan. Hoki ya wanawake ilikuwa inaingia kwa mara ya kwanza, na karibu ekipe zote kubwa zilijitoa. Warusi wakatafuta wa kujaza. Zimbabwe ilikuwa imepata uhuru mwezi wa nne wa mwaka ule. Ikaalikwa wiki chache mbele ya michezo. Ekipe iliyokusanywa haraka, wote wazungu, nahodha Ann Grant, haikuwahi hata kucheza juu ya kiwanja cha majani ya plastiki. Viatu vyao havikufaa, ikabidi watafute vingine kule kule. Walicheza na ekipe 5, hawakushindwa hata mara moja, na tarehe 31 mwezi wa saba waliwafunga Waaustria 4 kwa 1 wakachukua dhahabu. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya inchi ile mpya. Waliahidiwa kila mmoja ng'ombe. Waliporudi hawakupewa ng'ombe. Walipewa vipande vya nyama vilivyofungwa.

Hata Tanzania ilikuwa Moscow katika hoki, wanaume, wakialikwa namna hiyo hiyo. India iliwafunga 18 kwa 0, wakamaliza wa mwisho. Mlango mmoja, bahati mbili.

Kwa Léopards wa 1974 Mobutu alikuwa ametoa nyumba na magari baada ya kuchukua kombe la Afrika. Kwa Zimbabwe wa 1980, nyama. Kwa mabinti wa 1996, jezi za Mutombo. Anayetaka kujua inchi inathamini nani anaweza kuanza na hesabu hiyo.

Katika ekipe ya Zaire alikuwemo msichana wa Kinshasa aliyeitwa Mwadi Mabika. Alitimiza miaka 20 tarehe 27 mwezi wa saba, katikati ya mashindano. Usiku wa kuamkia siku ile bomu lililipuka katika bustani kubwa ya Olimpiki, watu zaidi ya 100 wakajeruhiwa na wengine kufa. Michezo haikusimamishwa. Ndivyo Mabika alivyoingia miaka 20: mji uko katika hofu, polisi kila kona, na ekipe yake imeshashindwa kila walipoingia kiwanjani.

Mwaka uliofuata Wamarekani walianzisha ligi mpya ya wanawake ya kulipwa, WNBA. Ekipe ya Los Angeles, Sparks, ilimchukua Lisa Leslie. Ilimchukua pia Mwadi Mabika. Mchezo wa kwanza kabisa wa ligi ile ulichezwa kwao Los Angeles tarehe 21 mwezi wa sita 1997. Wiki tano mbele ya hapo, tarehe 17 mwezi wa tano, askari wa Laurent-Désiré Kabila waliingia Kinshasa, na inchi iliyomtuma Mabika Atlanta ikabadilishwa jina. Aliondoka nyumbani Mzaire, akaanza kazi Mkongomani, bila kusogea.

Alicheza Los Angeles mpaka 2007. Mara mbili, 2000 na 2002, alichaguliwa katika mchezo wa nyota wa ligi. Mwaka wa 2001 Sparks walichukua ubingwa, mwaka wa 2002 wakauchukua tena, Leslie na Mabika upande mmoja. Yule aliyekuwa upande wa pointi 107 na yule aliyekuwa upande wa pointi 47 walinyanyua kombe moja. Hakuna ngazi ya pili ambayo ingeweza kumpa mtu nafasi hiyo.

Maniema wakati huo ilikuwa wapi? Olimpiki za Atlanta zilifungwa tarehe 4 mwezi wa nane 1996. Mwezi huo huo Mobutu alikuwa Uswisi, mjini Lausanne, akipasuliwa kwa ugonjwa wa kansa. Mwezi wa kumi, Uvira na Bukavu zilianguka. Goma ilifuata mwanzoni mwa mwezi wa kumi na moja. Askari wa Zaire walirudi nyuma wakipora njiani, na wakaaji wa vijiji walijifunza kwenda porini mbele ya askari kufika, elimu ambayo wengi wanaitumia mpaka leo. Mwisho wa mwezi wa pili 1997 Kindu ikakamatwa. Kiisha vita ya pili, mwezi wa nane 1998. Mwezi wa kumi Kindu ilikuwa tena mikononi mwa wengine, waasi wa RCD na majeshi ya Rwanda. Mai-Mai wakashika misitu. Kasongo na Kabambare zikawa mahali ambapo barua haikufika.

Familia inayokimbia inapoteza kwanza karatasi. Chungu kinabebwa, mtoto anabebwa, panga linabebwa. Cheti cha shule na picha ya arusi vinabaki chini ya godoro. Waliofika Kasongo kutoka upande wa Salamabila au Wamaza wanajua jinsi ilivyo vigumu baadaye kuonyesha kwamba binti alimaliza la sita, kwamba shamba lilikuwa la babu. Inchi nayo ilikimbia namna hiyo. Ilipobadilisha jina, bendera na wimbo kwa siku chache, mambo mengi ya Zaire yalitupwa pamoja na ubaya wa Zaire, na kombe tatu za mabinti zikaenda katika furushi hilo hilo. Katika vitabu vya shirikisho la basket vikombe vile vimeandikwa bado kwa jina la inchi hii. Katika vichwa vya watoto wa shule havipo.

Nyangwe hasa ina sababu ya kuliangalia jambo hili. Jina la mji huu liliingia katika vitabu vya dunia kwa sababu ya wanawake, na hakuna mwanamke hata mmoja aliyetajwa. Tarehe 15 mwezi wa saba 1871, soko la Nyangwe lilikuwa na watu kama 1,500, wengi wao akina mama waliovuka Lualaba na samaki, mafuta na vyungu. Watu wa mfanyabiashara Dugumbe wakaanza kupiga bunduki katikati yao. Wanawake walikimbilia mitumbwi, mitumbwi ikajaa na kuzama, maji yakawabeba. Livingstone, aliyekuwepo, aliandika kwamba Waarabu wenyewe walikadiria waliokufa kati ya 330 na 400. Maandishi yake yalisomwa Ulaya, yakasaidia kufunga soko la watumwa la Zanzibar mwaka wa 1873. Jina la Livingstone linajulikana. Jina la Dugumbe linajulikana. Wauza samaki ni hesabu tu, 330 au 400.

Baada ya Atlanta, wanawake wa Congo hawajarudi Olimpiki katika basket. Sydney, mwaka wa 2000, Afrika iliwakilishwa na Senegal. Mwaka ule ndege ya kawaida haikuweza kutoka Kindu kwenda Kinshasa, kwa sababu mstari wa vita ulipita katikati ya inchi. Ingekuwa vigumu kuita ekipe yoyote ekipe ya taifa. Mwaka wa 2004, Athens, Nigeria iliwafunga Wakorea na kuwa ekipe ya kwanza ya wanawake wa Afrika kushinda mechi moja ya Olimpiki. Ilikuwa mechi ya nafasi ya 11, aina ile ile ya mechi ambayo Zaire ilishindwa mbele ya Kanada. Halafu Mali, Angola, Senegal tena, Nigeria tena. Paris, mwaka wa 2024, Nigeria iliwafunga Australia na Kanada, ikafika robo fainali, kitu ambacho hata wanaume wa Afrika hawajakifanya. Mlango ambao Wanigeria walipitia ulifunguliwa na wasichana 12 waliovaa jezi za kununuliwa na ndugu yao.

Katika mpira wa miguu, mwaka huo huo wa 2024, mwezi wa kumi na moja, wanawake wa TP Mazembe ya Lubumbashi waliwafunga AS FAR 1 kwa 0 kule kwao Morocco na kuchukua kombe la vilabu vya Afrika. Safari hii redio zilisema, simu zikapeleka picha mpaka mahali ambapo mtandao unapatikana kwa kupanda kilima. Wasichana wa Mazembe wana klabu inayowalipa, wana ndege, wana kiwanja. Tofauti na 1996 ni kubwa, na tofauti hiyo ina bei inayoweza kuhesabiwa.

Mutombo aliendelea kucheza mpaka 2009. Mama yake, Biamba Marie, alikufa Kinshasa wakati wa machafuko, kwa kuwa barabara zilikuwa zimefungwa na hakuweza kufikishwa hospitali. Mtoto akajenga hospitali kwa jina lake katika mji ule, vitanda 300, na ndani yake akaweka zaidi ya dola milioni 15 za mfukoni mwake. Ilianza kupokea wagonjwa mwaka wa 2007. Yeye mwenyewe alifariki tarehe 30 mwezi wa tisa 2024 kwa kansa ya ubongo, akiwa na miaka 58. Alifia Atlanta, mji ule ule alikowalipia mabinti jezi.